Nyumbu Ndani ya Lahajedwali

Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walihesabiwa wakapatikana kama 260,000. Mwaka 1977 walikuwa wamekaribia 1,400,000. Mpe mwanafunzi wa kidato cha tano namba hizi mbili na kompyuta yenye Excel, na kabla kipindi hakijafika nusu atakuwa na jibu: nyumbu huongezeka kwa asilimia 11 kila mwaka. Hesabu yake ni sahihi. Jibu lenyewe ni bovu, na mwalimu mjuzi analijua hilo tangu asubuhi. Amelitega makusudi.

Ustadi ninaotaka kuusifu ni huo wa kutega.

Kwa miaka mingi wanafunzi wa michepuo ya PCM na EGM wameanza kidato cha tano kwa mada ya vikokotoo, na mbele ya safari wakafika kwenye milinganyo inayoeleza kasi ya mabadiliko. Huko swali la kawaida huanza hivi: idadi ya bakteria huongezeka kwa kasi inayowiana na idadi iliyopo. Aliyetunga swali hilo ameshamaliza kazi kubwa. Ameshaamua kwamba chakula cha bakteria hakiishi, kwamba hawafi, kwamba chombo hakijai. Kilichobaki kwa mwanafunzi ni kukokotoa na kupiga mistari miwili chini ya jibu. Kuunda modeli ni ile kazi aliyoifanya mtunga swali, pamoja na nyingine ambayo hata yeye hakuifanya: kurudi kwa bakteria wenyewe kuangalia kama wanafuata alichosema.

Nyumbu wanafaa somo hili kuliko bakteria wa kitabuni kwa sababu habari yao ina mwanzo unaojulikana. Ugonjwa wa sotoka uliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ukateremka, na ndani ya muongo mmoja ulikuwa umefika Afrika Kusini. Ng'ombe waliteketea, Wamaasai waliupa wakati ule jina la Emutai. Nyati na nyumbu nao walikufa, na hata wimbi la kwanza lilipopita ugonjwa uliendelea kurudi na kuua hasa ndama. Nafuu ya wanyamapori ilipitia zizini. Ng'ombe wa pembezoni mwa hifadhi walichanjwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia mwaka 1963 sotoka ilikuwa imetoweka kwa nyumbu wa Serengeti bila nyumbu hata mmoja kudungwa sindano. (Chanjo iliyokuja kuufuta ugonjwa huo duniani, ile ya Walter Plowright, ilitengenezwa Muguga nchini Kenya, mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa haina sotoka tena.) Kundi lililokuwa limebanwa kwa miaka sabini likaachiwa, na ikatokea kwamba wataalamu walikuwa angani na ndege zao wakilihesabu.

Mwalimu mwenye haraka angefungua kompyuta hapo hapo. Ninayemsifu haifungui. Huanza na namba zenyewe, kwa sababu mwanafunzi aliyelelewa na vitabu vya kiada huamini kwamba namba ikishachapishwa imeshakuwa kweli. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walizunguka Serengeti kwa ndege ndogo mwaka 1958 wakapata nyumbu karibu 99,000. Miaka mitatu baadaye hesabu nyingine ikatoa 260,000. Mwalimu huziandika mbili hizo ubaoni, kisha hukaa kimya. Darasa likipiga hesabu huona kwamba kutoka ya kwanza kufika ya pili kunahitaji ongezeko la asilimia 38 kwa mwaka. Je, inawezekana? Sasa mazungumzo yanahama kutoka hisabati kwenda kwa mnyama. Jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka. Hazai kabla ya kufikisha miaka miwili au mitatu. Nusu ya kundi ni madume. Ili asilimia 38 ipatikane, ingebidi karibu kila jike mzima azae kila mwaka na simba wa Serengeti walale njaa miaka mitatu. Wanafunzi wanafikia wenyewe uamuzi kwamba hesabu ya kwanza iliwakosa nyumbu wengi, na wameufikia kwa penseli tu.

Kisha yanakuja maharage. Mwalimu humwaga mengi juu ya karatasi ya manila iliyochorwa miraba, anakipa kila kikundi nafasi ya kuhesabu miraba michache tu, halafu wakadirie jumla. Makadirio hayalingani, maana maharage, kama nyumbu, hayakai kwa usawa. Kuna mraba mtupu na kuna mraba uliorundikana. Hivyo ndivyo hesabu za Serengeti zinavyofanyika: ndege hupita kwenye mistari iliyopangwa, picha hupigwa chini, wanyama walio kwenye picha huhesabiwa, kisha eneo lote hukadiriwa kutokana na vipande hivyo. Zoezi hilo huchukua kipindi kizima na hakuna kompyuta iliyowashwa. Mkaguzi akipita dirishani anaweza kudhani kipindi ni cha maarifa ya nyumbani. Lakini tangu siku hiyo mwanafunzi akiona 260,000 haioni tena kama namba kamili. Anaiona kama makadirio yenye upana wake, na baadaye modeli itakapotofautiana na takwimu kwa elfu kumi na nne hatapiga kelele.

Fundi mzuri wa nguo hushika chaki kwa muda mrefu kuliko mkasi. Mwalimu huyu naye bado hajashika mkasi, kwani kuna hatua moja zaidi, na kwangu ndiyo nzuri kuliko zote. Huwapanga wanafunzi 17 kwenye mstari mmoja, kila mmoja na mwaka wake, kuanzia 1961 hadi 1977. Wa kwanza ana 260,000. Humnong'oneza jirani yake namba hiyo. Jirani anaongeza asilimia kumi, anapata 286,000, anampa wa tatu. Wa tatu anapata 314,600. Namba inatembea mstari mzima kama ujumbe wa harusi, inavimba njiani, na kila mtu ana kazi moja ndogo ambayo ni ileile ya mwenzake. Wa mwisho anatangaza: karibu 1,195,000. Hawajafika 1,400,000. Mwalimu anasema, haya, sasa tujaribu asilimia 12. Mstari mzima unaguna, kwa kuwa wote 17 wanatakiwa kuanza upya. Wakimaliza wanapata karibu 1,594,000, wamepita. Sasa tujaribu 11. Hapo ndipo mmoja atasema, "Mwalimu, si tutumie kompyuta tu?"

Ombi likishatoka kwa mwanafunzi, mwalimu hufungua lahajedwali.

Lahajedwali si kitu kipya. VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston ilitoka mwaka 1979, ikakusudiwa wafanyabiashara waliochoka kufuta na kuandika upya bajeti. Shuleni inafaa kwa sababu ileile: ukibadilisha namba moja juu, zote za chini zinajirekebisha. Mwanafunzi aliyekuwa kwenye mstari anaelewa mara moja kinachotokea ndani ya safuwima ile, kwa kuwa alikuwa seli mwenyewe. Alipokea namba kutoka juu, akaifanyia kazi, akaipeleka chini. Anapoburuta kona ya seli na fomula ikajinakili hadi chini, haoni mazingaombwe. Anaona wenzake.

Ufundi wa kuandika lahajedwali una adabu yake, na mwalimu mzuri huisimamia kwa ukali. Namba isifichwe ndani ya fomula. Ukiandika =B2*1.11 umepata jibu, lakini ile 1.11 imezikwa, kesho mtu mwingine hatajua ilitoka wapi, na ukitaka kuibadilisha utaichimbua mahali 16. Kiwango cha ongezeko kikae kwenye seli yake, kiwe na jina pembeni, na fomula ikitaje kwa alama ya dola ili kisihame unapoburuta: =B2*(1+$E$1). Ni jambo dogo la kiufundi, ila ndani yake kuna fikra nzima ya modeli. Kile ulichokipokea kutoka kwa wanyama, yaani idadi, kiko upande mmoja. Kile ulichokibuni wewe, yaani kiwango, kiko upande mwingine, waziwazi, kikisubiri kushitakiwa. Nimeona lahajedwali za ofisi kubwa zisizo na adabu hiyo.

Sheria ya pili: kabla ya kubonyeza Enter, andika kwenye daftari unachotarajia. Hata kama ni mchoro wa mkono tu wa mstari unaopanda. Mashine ina kasi mno, na kasi hiyo humnyima mtu nafasi ya kushangaa. Mtu ambaye hakutarajia chochote hawezi kushangazwa na chochote. Atatazama grafu na kusema sawa. Aliyechora mstari ulionyooka kisha akaona mkunjo unaopaa atauliza mwenyewe, bila kuulizwa. Sheria ya tatu inahusu mikono: wanafunzi wawili kwa kompyuta moja, mmoja anaandika na mwingine anasema cha kuandika, kisha wanabadilishana. Mkono wa mwalimu haugusi kipanya. Hii ndiyo sheria ngumu kuliko zote, na ukitaka kujua uzoefu wa mwalimu tazama mikono yake wakati mwanafunzi amekosea mabano.

Kwa asilimia 11 safuwima inaishia 1,380,800 mwaka 1977. Darasa linashangilia, maana hiyo inakaribiana kabisa na 1,400,000. Mwalimu anawapongeza kwa dhati, kisha anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Buruteni mpaka 2001."

Wanaburuta. Inatoka 16,900,000.

Kimya cha namna hiyo darasani ni cha thamani. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Gawanya, unapata nyumbu zaidi ya 1,100 kwa kila kilomita ya mraba, na bado hujaweka pundamilia wala swala. "Mwalimu, watakula nini?" Mara nyingi swali hili hutoka kwa mtoto wa wafugaji, ambaye pengine katika milinganyo huwa hasemi. Ukweli ni kwamba baada ya 1977 idadi iliacha kupanda. Hesabu nyingi zilizofuata zimekuwa zikizunguka milioni moja na robo hivi, zikipanda na kushuka. Modeli iliyolingana na takwimu za miaka 16 kwa usahihi wa kupendeza ilikuwa imeacha jambo moja nje, na jambo hilo ni nyasi.

Kuanzia hapa wanafunzi wanabuni wenyewe. Wengine wanapendekeza kiwango kipungue kila mwaka. Wengine wanataka kikomo: wakifika milioni 1.3, basi. Mwalimu anayaruhusu yote yaingie kwenye kompyuta, kwa sababu kujaribu kumekuwa bei rahisi, na mawazo mabaya hufa haraka yakionekana kwenye grafu. Taratibu, kwa kusukumwa kidogo, wanafika alikofika Mbelgiji Pierre-François Verhulst mwaka 1838: ongezeko la mwaka ni kiwango, mara idadi iliyopo, mara sehemu ya nafasi iliyobaki. Kwenye seli inakuwa =B2+$F$1*B2*(1-B2/$F$2). Wakiweka kiwango cha 0.2 na kikomo cha 1,300,000, mkunjo unapanda vizuri, unalegea, unalala. Umefanana na herufi S iliyovutwa. Hakuna tena milioni 17. Katika masomo mengi kengele hupigwa hapa na kila mtu huenda nyumbani ameridhika.

Mwalimu anaongeza safuwima moja zaidi na kuiita Tofauti.

Mwaka 1965 modeli inasema 454,000, ndege zilipata karibu 440,000. Si mbaya, maharage yametufundisha kuvumilia elfu kumi na nne. Mwaka 1971 modeli inasema 832,000 na ndege zilipata kama 690,000. Imezidisha. Mwaka 1977 modeli inasema 1,122,000, wakati wanyama walikuwa karibu 1,400,000. Imepunguza, tena kwa kiasi kikubwa. Ukivuta kiwango juu kurekebisha 1977, unaharibu 1971. Ukikishusha kurekebisha 1971, unaharibu 1977. Wanafunzi wenye GeoGebra, programu ya bure aliyoianzisha Markus Hohenwarter kule Salzburg mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanaweza kutengeneza vitelezi viwili na kuvisogeza kushoto na kulia wapendavyo. Mkunjo unacheza, nukta haziguswi. Hakuna mkunjo wa S utakaozipitia zote.

Ni hapa ninapomvulia kofia mwalimu wa somo hili. Anajua jibu. Angeweza kulisema kwa sentensi moja na kuokoa kipindi kizima. Badala yake anauliza: kosa hili lina umbo gani? Modeli inazidisha kwanza, halafu inapunguza. Maana yake nyumbu waliongezeka polepole kuliko tulivyodhani katika miaka ya 1960, kisha kwa kasi kuliko tulivyodhani katika miaka ya 1970. Kuna kitu kilibadilika kati ya 1971 na 1977. Kitu gani? Darasa linataja simba, majangili, ugonjwa mpya, hesabu mbovu. Mwishowe, kwa kuwa wako Tanzania na wanajua mahindi yanategemea nini, mtu anasema mvua.

Naam. Kati ya 1971 na 1976 mvua za kiangazi Serengeti zilikuwa nyingi kuliko kawaida, na nyasi za kiangazi, wakati ambapo nyumbu hufa kwa njaa, ziliongezeka. Mwaka 1993 ukatokea ukame mkali, na hesabu ya 1994 ikashuka mpaka kama 900,000. Mwaka 1999 Mtanzania Simon Mduma pamoja na Anthony Sinclair na Ray Hilborn walichapisha uchambuzi wa rekodi ya miaka 40 wakionyesha kwamba kinachotawala idadi ya nyumbu ni chakula cha kiangazi kwa kila mnyama. Wanafunzi wa sekondari hawajafika huko, wala hawatafika kwa lahajedwali ya safuwima nne. Lakini wameuona mlango ambao watafiti wale waliupitia, na wameuona kutokana na kosa la modeli yao wenyewe. Ile namba 1.3 milioni waliyoiita kikomo haikuwa ya kudumu. Inapanda na kushuka na mawingu.

Mtu aliyelitetea kosa la mwanafunzi kwa nguvu kuliko wengi alikuwa Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria. Mwaka 1967 yeye na wenzake walitengeneza lugha ya kompyuta ya Logo, ambamo mtoto humwamuru kobe atembee na kuchora. Kobe akienda kombo, mtoto hasemi nimefeli; anatafuta amri iliyopotoka, anainyoosha, anaendelea. Baadaye, mwaka 1985, Barry Richmond alitoa programu ya STELLA, inayomwezesha mtu kuchora modeli kwa matangi na mabomba: idadi ya wanyama ni tangi, uzazi ni bomba la kuingiza, vifo ni bomba la kutoa, na hesabu inafanyika nyuma ya pazia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Gordon Brown, aliyewahi kuwa mkuu wa kitivo cha uhandisi huko MIT, aliipeleka kwenye shule moja ya Tucson, Arizona, alikokwenda kustaafia, na walimu wa hapo wakaanza kuitumia na watoto wa umri wa miaka 13 au 14. Naipenda STELLA, ila kwa darasa la mwanzo bado naipigia kura lahajedwali. Matangi yanapendeza mno, na kinachofanyika nyuma ya pazia hukaa nyuma ya pazia.

Somo la nyumbu lina kipindi kimoja zaidi, na si kila mwalimu hukifundisha. Wanafunzi huongeza seli moja: wanyama wanaovunwa kila mwaka. Namba hizi ni za kubuni, na mwalimu hulisema hilo wazi. Kundi likianzia 1,300,000 na tukitoa 40,000 kila mwaka, linashuka kisha linatulia kwenye 1,053,000 hivi. Tukitoa 60,000, linatulia karibu na 830,000. Sasa andikeni kwenye daftari: tukitoa 70,000 litatulia wapi? Karibu wote huandika 700,000, au 720,000. Ni ubashiri wa mtu mwenye akili timamu anayefikiri kwa mstari ulionyooka.

Halitulii. Linashuka hadi sifuri.

Namna linavyoshuka ndiyo inayowashika watoto. Mwanzoni linateremka upesi. Kisha linafika maeneo ya 750,000 na linaanza kujikokota. Linatumia zaidi ya miaka 35 kutoka hapo hadi 550,000, na mtu anayetazama kipande hicho cha grafu peke yake angeapa kwamba hali ni shwari. Baada ya hapo linaporomoka, na ndani ya kama miaka 30 limekwisha. Safari nzima inazidi miaka 90. Mwanafunzi mwenye subira atauliza mpaka uko wapi kati ya 60,000 na 70,000, na atautafuta kwa kubadilisha seli moja: 64,000, 66,000, 65,000. Mpaka ni 65,000, yaani robo ya kiwango mara kikomo, na sasa ile aljebra ya vipeo vya pili aliyoifanya kidato cha pili bila kujua inamsaidia nini inarudi kumweleza kwa nini. Mwalimu aliyeupanga mpangilio huu, kompyuta kwanza na uthibitisho baadaye, amegeuza kichwa chini utaratibu wa kitabu, na kwa maoni yangu amefanya vyema. Uthibitisho unapendeza zaidi kwa mtu aliyeupapasa ukweli kwa mikono yake kwanza.

Teknolojia nayo ina mitego ambayo hakuna mwalimu aliyeiweka. Excel ina kitufe kinachochora mkunjo kupitia nukta zako, na kinakubali mpaka kipeo cha sita. Kibonyeze kwenye takwimu za nyumbu, chagua sita, na utapata mkunjo unaozigusa nukta karibu zote pamoja na alama ya ulinganifu inayokaribia moja. Uzuri wake unaishia kwenye nukta ya mwisho. Uongeze miaka michache mbele nao hupaa au huzama bila sababu yoyote inayohusu nyasi wala ndama. Siku hizi pia mwanafunzi anaweza kuiuliza akili mnemba ikampa fomula ya Verhulst, imeandikwa vizuri, na maelezo juu. Sioni haja ya kuogopa. Mwalimu wa nyumbu hatoi alama nyingi kwa fomula. Anadai sentensi tatu chini ya grafu: nimeacha nini nje, kwa nini nimekiacha, na nikiwa nimekosea nitajuaje. Nimesoma sentensi za namna hiyo zilizoandikwa kwa Kiswahili kibovu na Kiingereza kibovu zaidi, na zilikuwa hisabati safi.

Umeme, najua. Kompyuta saba kwa wanafunzi 60, najua pia. Mstari wa wanafunzi 17 hauhitaji umeme. LibreOffice haina malipo, GeoGebra hufanya kazi kwenye simu, na vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi ile. Kimoja kikiwa mezani na darasa limekizunguka, seli za nyumbu zitaenda. Kilicho adimu kuliko mashine ni takwimu. Mwalimu anayetaka kufanya na samaki wa Ziwa Victoria, mvua za Dodoma au wagonjwa wa malaria wa wilaya yake kile alichofanya na nyumbu hukuta namba zimo ndani ya ripoti ya kurasa 200, kwenye jedwali lililopigwa picha, na huzinakili moja moja usiku. Taasisi zetu za utafiti, mamlaka za hali ya hewa, wizara na ofisi za takwimu zina safuwima ndefu za miaka mingi. Ziwekeni kwenye faili linalofunguka, mwaka upande mmoja na idadi upande wa pili, mzipe shule bila barua wala muhuri.